Kibanguo Chini ya Kitanda cha Marehemu

Niliibiwa mchana kweupe, mbele ya watu wasiopungua arobaini, na mwizi mwenyewe alikuwa anaimba. Nami nikacheka. Hilo la kucheka ndilo linaloniudhi mpaka leo, maana mtu aliyeibiwa akacheka hawezi kwenda polisi, hawezi kwenda kwa shehe, na hata kwa mkewe hawezi kulalamika akasikilizwa. Tena sina hakika kama kweli niliibiwa. Ngoja nieleze. Labda nikieleza nitaelewa.

Jina langu Pazi. Ni fundi baiskeli hapa Nangurukuru, hatua chache kutoka pale basi linapokata kona kwenda mji wa Masoko. Kazi yangu kuziba pancha, kunyoosha rimu, na kugombana na watu wanaorudi kusema pancha niliyoziba jana imefunguka yenyewe. Sikusoma sana. Lakini mikono yangu ina akili kuliko kichwa changu, na maneno hayo si yangu, ni ya mama mkubwa, dada yake mama, aliyenilea na aliyeishi nyumbani kwangu mpaka siku yake ya mwisho.

Miaka hiyo ya tisini biashara ya korosho ilikuwa imefunguliwa. Zamani tulipeleka kwenye ghala la ushirika, tukangoja. Sasa kila msimu zilikuja pikapu na wanunuzi wao, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu. Wengine walitaka korosho zilizobanguliwa tayari, na hasa zile nzima, zisizovunjika. Wanawake wa hapa wakaiona njia. Wakawa wanakaa pamoja uani, jiwe chini, kigongo mkononi, wanagonga, wanaimba, wanasengenya. Mke wangu Adija alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, kwa kazi na kwa kusengenya.

Ambaye hajawahi kubangua korosho hajui. Lile ganda lina mafuta, na mafuta yale yanaunguza. Unapaka majivu, unapaka mafuta ya nazi, yanakuunguza vilevile. Vidole vinakuwa vyeusi, halafu ngozi inachunika, halafu inabaki nyama. Idi ya mwaka tisini na sita Adija hakupaka hina, kwa sababu hakuwa na pa kuipaka. Wageni wakaja, sinia la pilau likawekwa katikati, na yeye akachukua kijiko. Akasema kwa sauti kwamba siku hizi kula kwa kijiko ndiyo ustaarabu. Wageni wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni pake, nimeona vile vidole, nikaacha kula.

Siku ya pili yake nikaanza kutengeneza kibanguo, kifaa cha kubangulia korosho. Nilichukua pedeli ya baiskeli, springi ya kiti, mkono wa breki na kipande cha springi ya lori nilichonoa mpaka kikakata unywele. Cha kwanza kilisaga korosho zikawa unga. Cha pili kiliniuma kidole. Sitavihesabu vyote, ila mama mkubwa alikuwa anakula vile vipande vilivyovunjika na kuniombea nizidi kukosea. Cha saba kikakubali. Kilikuwa na visu viwili. Ukikanyaga pedeli, kisu cha juu kinashuka na kuuma ganda. Ukivuta mkono, ganda linafunguka na korosho inadondoka kwenye bakuli, nzima, wala kidole hakijagusa kitu. Siri ilikuwa kwenye kisu cha chini. Kwa macho kimenyooka. Kumbe nilikipinda kidogo tu, unene wa spoki moja, kisifike kwenye kiini. Ukikitazama huoni. Ukiambiwa, unaona, na niliyemwambia ni Adija tu.

Adija alikijaribu akamaliza ndoo nzima kabla ya adhuhuri. Akageuza mikono yake huku na huku, akaitazama. "Baba Huseni," akaniambia, "kumbe una akili, ulikuwa unaificha wapi?" Nilifurahi mpaka nikawa kama nina homa. Nikataka kukitoa barazani saa ileile, watu waone.

Aliyenizuia ni Valentini. Huyu alikuwa mnunuzi kutoka Dar, mtu wa shati jeupe na kicheko chepesi. Aliziona korosho za Adija, akazipindua kiganjani, akauliza mkono gani unabangua hivi. Nikajisahau, nikamwambia. Akanivuta pembeni.

"Fundi, usimwonyeshe mtu. Watakuiga kesho. Nenda Masoko kwa afisa biashara, ukaulize habari za hataza."

"Hataza ndiyo nini?"

"Karatasi ya serikali inayosema kitu hiki ni chako, na mwingine asikitengeneze bila ruhusa yako." Kisha akacheka kile kicheko chake. "Au niuzie mimi, nikakitengeneze Dar, kwa mamia. Jina lako tutaliandika kwenye kibati."

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuniuma, na hakijapona. Mtu huyuhuyu ananionya juu ya wezi na papo hapo anataka nimpe. Kama ni mwizi, kwa nini anionye? Kama ni rafiki, mbona macho yake yalikuwa yanatafuta mlango wa stoo?

Nilikwenda Masoko. Afisa biashara alikuwa kijana mpole, akaniamkia, akanipa kiti, akasoma kitabu chake, akakuna kidevu.

"Kitu chako kimeshaonekana, mzee?"

"Na nani?"

"Na watu."

"Mke wangu amekiona. Mama mkubwa amekiona. Huseni mwanangu yuko shule Lindi, hajakiona."

"Hao si neno. Lakini angalia sana. Kikishaonekana hadharani, kila mtu akakijua, hakihesabiwi kuwa kipya. Na kisicho kipya hakisajiliwi." Akanipa fomu. "Chora kitu chenyewe kila upande, eleza kinavyofanya kazi, jaza, ulete. Tutapeleka Dar."

Nikarudi na ile fomu nimeikunja kifuani. Palikuwa na mahali pa kuandika jina la mbunifu. Nikaandika Pazi siku ileile, kwa wino, nikiwa bado sijachora hata msumari.

Tukaingia kwenye maisha ya kujificha. Kibanguo nilikiweka stoo, dirisha nikaliziba kwa gunia. Adija akawa anajifungia asubuhi, anabangua peke yake, hana wa kuimba naye, hana wa kusengenya naye. Mimi jioni nachora. Sijui kuchora. Mchoro wangu wa kwanza ulifanana na mbuzi wa kukunia nazi, wa pili ulikuwa mbaya kuliko huo. Msimu mpya ukaingia, Oktoba, Adija bado yumo stoo.

"Mpaka lini, Baba Huseni?"

"Mpaka nimalize kuchora."

"Na kuchora kutaisha lini?"

Mama mkubwa naye, kutoka kitandani kwake, alikuwa na swali lake. "Pazi, kinachofungiwa mlango mchana ni mgonjwa au ni haramu. Chako ni kipi?"

Majirani walilipata jibu wenyewe. Mwanamke amewakimbia wenzake. Korosho zake nyingi, zote nzima, mikono yake safi. Mlango umefungwa, na ndani kunasikika kitu kinagonga, ka-cha, ka-cha, kutwa nzima hakichoki. Wewe ungesemaje? Wakasema Adija anafuga msukule. Wakasema kuna mtu aliyekufa akazikwa, kumbe hakufa, yumo stoo kwa Pazi anabangua korosho. Mmoja alimtaja hata jina, marehemu mmoja wa huko Kiswere aliyekuwa hodari wa kazi.

Mwanzoni nilicheka. Halafu siku moja Adija akarudi kutoka bombani, akatua ndoo, akakaa kizingitini.

"Leo nimesalimia watu watano," akasema. "Kaitikia mmoja. Naye kiziwi, kaona midomo tu."

Nilitaka kumwambia toka, fungua mlango, waite waje waone. Neno lilifika kwenye ulimi. Lakini niliwaona pia wale watakaokiiga, na Valentini na vibati vyake, na mimi naziba pancha mpaka kufa huku watu wakila kwa akili yangu. Je, ni choyo kutaka kitu chako kiwe chako? Au ni ujinga kumfungia mkeo stoo kwa ajili ya karatasi usiyoijua? Nilikuwa nalala na jibu moja, naamka na jingine. Wallahi, sikujua. Nikamwambia avumilie.

Katikati ya Novemba mama mkubwa alifariki. Alfajiri, bila kumsumbua mtu. Nililia, na sitasema zaidi kwa hilo.

Msiba ukija, nyumba si yako tena. Wanawake walikuja, wakaanza kuuliza masufuria yakae wapi, gunia la mchele likae wapi, mkaa uwekwe wapi, na kila kidole kilielekea stoo. Nikababaika. Nikawatangulia, nikakifunika kibanguo kwa kanga, nikazunguka nacho mlango wa nyuma nikitafuta pa kukitia. Chumba cha mama mkubwa kilikuwa kitupu, maana mwili ulikuwa unaoshwa uani. Nikakisukuma chini ya kitanda chake, nikakifunika kwa mkeka wake wa zamani. Nikajisemea, nani atakayepekua chini ya kitanda cha marehemu?

Mtu yeyote wa huku kwetu angenijibu kabla sijamaliza kuuliza. Mtani. Mali ya marehemu ndiyo riziki ya mtani. Lakini siku ile kichwa kilikuwa kimejaa machozi na fomu, na hilo halikuingia.

Mtani wetu ni Anjelina. Yeye Mmakonde na Mkristo, mke wa Jerome mchonga vinyago, ila watu wa kwao na watu wa kwetu ni watani tangu mababu, na dini haijawahi kuutia doa utani huo. Wakifiwa, tunakwenda kuwaharibia. Tukifiwa, wanakuja kutuharibia. Mtani anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anachukua kitu chake mpaka umkomboe kwa kuku au kwa chochote. Na hununi. Ukinuna umemkosea adabu yeye, marehemu na mababu wote.

Anjelina aliingia siku ya pili, tumeshazika. Alijifunga kanga ya mama mkubwa, akashika bakora yake, akakohoa kile kikohozi chake hasa. "Pazi! Chai yangu iko wapi? Nimekufa sijanywa chai!" Watu waliokuwa wakilia walijikuta wanacheka huku machozi yangali mashavuni. Akazunguka uani, akawatukana wapishi, kisha akaingia chumbani kwa marehemu kutafuta cha kuchukua. Nikainuka, nikakaa tena. Ningemzuia kwa neno gani?

Kisha akatoka, kibanguo begani, anaimba na kucheza.

"Jamani, nimemkamata! Nimemkamata msukule wa Adija! Kumbe wa chuma! Hali, hanywi, hana hata ndugu Kiswere!"

Uwanja ulilipuka. Vile vicheko vilikuwa vimefungiwa miezi. Walikuwa wanajicheka wenyewe, maana kila mmoja alikuwa amesema neno lake. Anjelina akaketi, akaagiza korosho, akakanyaga pedeli. Ka-cha. Ikadondoka nzima. Ka-cha. Nzima. Wanawake wakasogea, wakamzunguka. "Hebu tena," mmoja akasema.

Mimi nilihesabu vichwa. Arobaini, bila watoto. Hadharani kunahitaji watu wangapi? Kijana wa Masoko hakunieleza. Nikafungua mdomo nipige kelele, na kilichotoka ni kicheko. Naapa sikukusudia. Ila nilikuwa nimemwona Adija. Alikuwa amekaa katikati ya wale waliomnyima salamu, mmoja ameegemea bega lake, na alikuwa anacheka mpaka kanga inamvuka kichwani.

"Mtani," Anjelina akaniita, "msukule huyu wa marehemu, nimemkuta chini ya kitanda chake. Naondoka naye. Ukimtaka, niletee jogoo nyumbani baada ya hitima."

Nikasema haya.

Hitima ikapita, jogoo nikamtafuta wiki tatu, nikaenda. Adija alisema ananisindikiza, akambeba jogoo kwapani. Tulipofika kwa Anjelina tulisikia kabla ya kuona: ka-cha, ka-cha, ka-cha, na si kimoja. Jerome alikuwa amechonga viunzi vya mninga, akatia visu vya jembe lililochakaa, na wanawake wanne walikuwa wamekaa navyo wanakanyaga. Changu kilikuwa juu ya stuli, kimefutwa vumbi.

"Sikukigusa, mtani," Jerome akasema, bila aibu hata kidogo. "Nimekitazama tu. Ila hebu njoo." Akanionyesha ungo. Ulikuwa umejaa vipande. "Mikono yao imepona, lakini korosho zinavunjika. Wanunuzi hawazitaki. Nimepima kila kitu, urefu, upana, kila kitu. Chako kinatoa nzima na changu kinavunja. Kwa nini?"

Wanawake waliacha kukanyaga. Wote walinitazama. Spoki moja. Ningechukua nyundo, nigonge mara mbili kila kisu, basi. Kazi ya dakika tano. Nilikiangalia kile kisu cha chini, nikaiona ile fomu, nikaliona jina langu kwa wino, nikamwona Jerome, ambaye alikuwa ameniuliza kama fundi anavyomuuliza fundi.

"Sijui," nikasema.

"Umekitengeneza mwenyewe na hujui?"

"Ilikuwa bahati."

Jerome akaitikia kwa kichwa taratibu. Sidhani kama aliamini. Anjelina akampokea jogoo, akanipa kibanguo changu, akanitania kwamba mficha uchi hazai, na watu wakacheka kidogo, kwa adabu. Adija hakucheka. Alinitazama mara moja tu. Njiani alitembea mbele yangu mpaka nyumbani.

Hakurudi stoo tena. Alikibeba kibanguo asubuhi akaenda kukaa na wenzake uani, na mimi sikumkataza, maana cha kuficha kilikuwa wapi tena? Kisha nikasema hapana, kipo. Kisu cha chini kipo. Hicho hawajakiona. Nikarudi kwenye michoro. Nilichora mpaka Ramadhani ikaingia, na safari hii ilifanana na kitu. Siku mbili kabla ya Idi nikapanda gari kwenda Masoko na fomu yangu.

Yule kijana alifurahi kuniona. Akafungua michoro juu ya meza, akaigeuza huku na huku. "Kinaitwaje?"

"Kibanguo cha Pazi."

Mpiga chapa wake, msichana mmoja jina lake Stella, alinyanyua kichwa, akaja kuchungulia. "Aa," akasema, "si msukule huu? Mama yangu anao. Amenunua kwa Mmakonde mmoja wa Nangurukuru, mwezi uliopita."

Nilishika ukingo wa meza. "Wa mama yako unavunja," nikamwambia. "Huo wa kuvunja si wangu."

"Hauvunji hata moja, mzee. Zinatoka nzima."

Kijana wa ofisi alinitazama kwa huruma. Aliikunja michoro yangu vizuri, mkunjo juu ya mkunjo, akanirudishia.

Njia ya mwongo fupi, na mimi yangu niliimaliza pale mezani. Nikiwa ndani ya gari nilijaribu kukasirika. Nilimkasirikia Jerome, hasira ikakataa. Nikamkasirikia Anjelina, lakini mtani hanuniwi. Walau wangekiita Pazi! Hata huyo msukule wa uongo kapata jina, mimi nimekosa. Halafu nikakumbuka Stella alivyosema mama yake anao, kwa raha, kama mtu anayetaja ng'ombe wa maziwa. Nikashuka Nangurukuru sijui kama nimefiwa au nimepata mtoto.

Siku iliyofuata wanawake walijaa uani kwangu wanapakana hina. Mmoja wao alikuwa yule aliyemtaja marehemu wa Kiswere, na ndiye aliyekuwa anamchora Adija, ameinama, anachora maua mpaka kwenye kucha. Nilingoja waondoke wote. Adija alibaki juani, mikono ameinyoosha mbele, hina inakauka. Vidole vyote kumi vilikuwa na ngozi.

"Adija," nikasema, "Jerome alikijuaje kile kisu cha chini?"

Hakugeuka.

"Wewe ndiye uliyemwambia?"

"Baba Huseni," akasema, akipuliza vidole vyake polepole, "fundi mwenyewe alisema hajui, tena mbele za watu. Mimi mkewe nitajulia wapi?"

Kesho yake ilikuwa Idi. Wageni wakaja, sinia la pilau likawekwa katikati. Nilimsogezea kijiko, kwa mazoea tu. Akakirudisha jikoni, akanawa, akakaa, akala kwa mkono.